Mbuzi wa Ukurasa wa Mwisho

Wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya Wazungu ilipokuwa ikiwasaka wapiganaji wa msituni, nilikuwa nakunja magazeti katika kiwanda kidogo cha uchapaji mjini Nyeri. Mama yangu alikuwa amehamishiwa kijiji kipya karibu na Karatina, kilichozungukwa na handaki lililojaa miti iliyochongwa ncha na kulindwa na mahomgadi, wenyeji waliopewa silaha na serikali. Nilimwona nilipopewa ruhusa tu.

Gazeti letu la kila wiki lilijaa matangazo ya serikali: wapi usipite, saa ngapi usionekane nje. Chini kabisa ya ukurasa wa mwisho palikuwa na katuni. Aliichora mwanamume mpole aliyetoka upande wa ziwa, magharibi, na ilihusu mpishi mnene na mbuzi mkaidi aliyemharibia mapishi kila wiki.

Mhariri hakuithamini. "Hiyo ni kitu ya kujaza nafasi tu," alisema mbele ya mchoraji mwenyewe, na hakukubali jina lake liandikwe. Tangazo likirefuka, alichukua mkasi akaikata picha ya mwisho. Msomaji akabaki na mpishi ameinua mwiko, mbuzi ameinamisha pembe, basi.

Siku moja nilikwenda kumwona mama. Wanawake walikuwa wametoka kuchimba handaki, matope hadi magotini, wakaketi ndani ya nyumba ya mama kumsikiliza mmoja wao aliyejua kusoma. Matangazo waliyasikiliza kimya. Alipofika kwenye katuni, wote walisogea waione kwa macho yao. Picha ya mwisho haikuwepo, kwa hiyo waliimalizia wenyewe. Mmoja alisema mbuzi amekula aproni ya mpishi. Mwingine akasema, ati amempiga homgadi teke akatumbukia handakini. Walicheka mpaka wakajiziba midomo kwa leso.

Kisha mama akatazama mlangoni, nasi sote tukageuka. Homgadi alikuwa amesimama nje. Alikuwa pale tangu lini, hakuna aliyejua. Aliondoka polepole, na hakuna aliyecheka tena siku hiyo.

Niliporudi Nyeri nilimweleza mchoraji. Aliweka kalamu chini.

"Wanacheka kweli, dada?"

"Wamembandika mbuzi wako ukutani, juu ya vitanda."

Uso wake ulinawiri kwa namna ambayo sikuwahi kuiona ofisini mle. Halafu akafikiri kidogo. "Na hiyo ya teke, homgadi aliisikia?"

Niliendelea kukunja magazeti.

Wiki iliyofuata gari la polisi lilisimama mlangoni. Afisa wa Kizungu aliingia na askari wawili, akamwaga juu ya meza ya mhariri vipande vya gazeti vilivyobanduliwa ukutani. Udongo wa kuta ulikuwa bado umeganda nyuma ya vipande hivyo.

"Nani nachora hii mbuzi?"

"Bwana, hizo ni picha za kitoto," mhariri alisema haraka. "Hakuna mtu anasoma."

"Hakuna mtu? Sisi natoa hii kila nyumba." Akainua kipande kimoja. "Picha ya mwisho, ile ya homgadi napigwa, iko wapi?"

Mchoraji alivuta karatasi, akaichora palepale. Mbuzi alikuwa amelala chini ya meza ya mpishi, wote wawili wamechoka. Afisa aliilinganisha na kipande alichoshika, bila kutabasamu.

"Sasa nani nakata?"

Mashine zilikuwa zimezimwa. Mhariri alitazama sakafu. "Sikumbuki, bwana," akasema.

Wakamchukua mchoraji.

Alirudi baada ya mvua za masika, akichechemea, akiwa na amri ya kurudi kwao siku hiyohiyo. Mhariri hakutoka chumbani kwake kumuaga. Mimi ndiye niliyemsindikiza hadi stesheni ya Karatina.

Ilikuwa siku ya soko. Nilimnong'oneza muuza viazi vitamu kwamba huyu ndiye mwenye mbuzi. Habari ikapita kutoka mkeka hadi mkeka bila mtu kupaza sauti. Kukusanyika kulikatazwa, kwa hiyo walikuja mmoja mmoja, kama watu wanaopita njia. Huyu aliingiza nduma katika mfuko wa mchoraji, yule ndizi, bila kumtazama usoni. Bibi mmoja mzee aliushika mkono wake wa kulia, akaugeuza.

"Ni huu?" aliniuliza kwa Kikuyu.

"Ndiyo, cucu, ni huu."

"Mwambie tulikuwa tunamngoja kila Ijumaa."

Nilimtafsiria. Aliinamisha kichwa, akaufunika mkono wa bibi kwa wake wa kushoto. Homgadi mmoja alianza kutusogelea kutoka langoni, na mara ile wanawake wote wakawa wanapanga bidhaa zao. Garimoshi lilifika. Nilimpandishia mfuko, akanipungia mkono mara moja tu.

Sikupata habari zake tena. Nilipokuwa nikitoka stesheni, yule homgadi alinizuia, akaniuliza mwanamume yule alikuwa nani kwangu.

"Tulifanya kazi pamoja," nilisema.

Aliniuliza nyumbani kwa mama yangu ni wapi. Nikamwambia, kwa kuwa nilihisi alikuwa anapajua tayari.