Kijiti Kilichozuia Swichi

Nakumbuka siku moja ya mgao wa umeme, mwanangu, miaka ile kampuni za simu za watu binafsi zilipoanza kuingia Mwanza. Nilikuwa fundi wa kituo kidogo cha simu pale Buswelu, nina cheti kipya na kichwa kikubwa.

Umeme ukikatika, simu ziliendeshwa na betri, na betri zilikuwa na mlinzi wake: kisanduku cha kudhibiti, chenye kioo cha kuonyesha volti. Volti zikipungua, kilipiga kengele. Zikifika arobaini na tatu, kilifungua swichi na kuzima simu zote, ili betri zisinyonywe mpaka zife. Mkuu wangu, Mzee Magesa, mtu wa Musoma asiyependa maneno mengi, alikuwa amenionya nisikiguse. Sikio la kufa halisikii dawa.

Mchana huo kengele ililia. Jirani yetu, Mama Kulwa, alikuwa ameketi kwenye kibanda chetu cha simu tangu asubuhi. Mumewe alikuwa amelazwa Dar es Salaam, naye alingoja shemeji yake apige.

"Usizime, kijana wangu," aliniambia. "Nisubirie kidogo tu."

Nilimhurumia. Nikachonga kijiti, nikakibana kwenye swichi isifunguke. Simu ziliendelea saa nzima na zaidi, nami nikajiona mwema kuliko mashine. Shemeji hakupiga. Jioni umeme uliporudi nilikichomoa kijiti, nikanyamaza.

Kesho yake mgao ulipoanza, betri hazikufikisha hata dakika tano. Zilikuwa zimekufa. Mpya zilikuja kwa treni baada ya wiki mbili, na muda wote huo kila mgao ulituacha bila simu. Ndani ya siku hizo yule mume alifariki. Shemeji alipiga mchana kutwa bila kupata, na umeme uliporudi usiku kibanda kilikuwa kimefungwa. Habari zilipomfikia Mama Kulwa, mumewe alikuwa ameshazikwa.

Hapo ndipo nilipomweleza Mzee Magesa habari ya kijiti. Hakufoka.

"Kile kisanduku kilikuambia acha," alisema. "Wewe ukakiona kina roho mbaya. Sasa nenda ukamwambie Mama Kulwa mwenyewe."

Nilikwenda. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, nikamweleza yote. Akasema, "Bora ungenikatalia."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, si kwa neno lile. Niliona aibu, na bado ninayo.

Mwanangu, heri nusu shari kuliko shari kamili. Ukipewa kitu cha watu ukilinde, atakuja mtu mwenye shida ya kweli akuombe umalizie kile kidogo kilichobaki. Kataa. Kisha usimkimbie, mpe maji, kaa naye, mtafutie njia nyingine. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, wakati bado kuna la kufanya. Mungu akupe moyo wa huruma, na akupe ujasiri wa kumwambia hapana mtu unayemhurumia.