Vigae na mawe kwenye shimo moja Nambis: nilivyojua kama wawindaji wa kale walikutana na wafugaji

Wakuu, heshima kwenu. Haya niliyaona mwenyewe, kucha zikiwa zimejaa udongo.

Shule niliiacha mapema. Nimezunguka Katesh, Mogitu, Dongobesh, nikibeba chochote kinachobebeka.

Mwaka jana nikapata kibarua Nambis, kuchekecha udongo pangoni kwa mtafiti wa akiolojia, tumwite dada Neema. Alitaka kujua kama wawindaji wa kale wa huku walikutana na wakulima na wafugaji wa kwanza. Ulikuwa msimu wake wa mwisho. Akikosa ushahidi, utafiti wote umekufa.

Tukapata vigae vya vyungu, vitu vya wakulima na wafugaji, pamoja na mawe yaliyochongwa ya wawindaji. Nikamwambia kazi imeisha, hawa wamekutana.

Akacheka. "Kaka, wakikuta simu yangu na jembe la bibi yako chumba kimoja, ndiyo kusema mimi na yeye tulikuwa marafiki?"

Akanieleza: kwanza uhakikishe udongo haujavurugwa. Muhanga, yule mnyama mchimba mashimo, akichimba tu, kigae cha juu kinashuka hadi tabaka la wawindaji. Halafu unaangalia mifupa, ni ya porini tu au kuna mifugo? Mkaa nao unapimwa umri.

Tukaenda kwa mama mwenye eneo. Baada ya shikamoo, dada akauliza pango lilitumikaje. Mama akasema lilikuwa zizi. Kila msimu kabla ya kulima walichimba samadi, kisha wakafukia mashimo kwa udongo wa shambani, mbuzi wasivunjike miguu.

"Vigae si vimejaa shambani?" akasema. "Nyie mmechimba shamba langu mkiwa kivulini."

Vigae vile vilikuwa vizuri, na aliyesikia ni mimi tu. Dada angeweza kukausha kama hajasikia. Akachukua kalamu, akaandika juu ya mifuko yote ya vigae: udongo umevurugwa.

Tukahamia nyuma ya pango, chini ya bamba la mwamba lililoanguka zamani, ambako jembe halikufika. Kigae hata kimoja hakuna. Mawe yaliyochongwa, mifupa ya swala, na jino moja, katikati ya tabaka lililotulia.

Mtaalamu wa mifupa akathibitisha: mbuzi. Na huku kwetu mbuzi hajawahi kuwa mnyama wa porini, lazima aliletwa na mtu.

"Hapa waligusana," dada akasema. "Walibadilishana, waliibiana, au mwindaji alianza kufuga, jino halisemi."

Mimi nawaza bonde la Yaeda, huku huku Mbulu. Hadi leo mwindaji anampelekea mfugaji asali, na bado ni mwindaji.

Nilichojifunza: jino moja mahali palipotulia linashinda gunia la vigae mahali palipovurugwa.

Wenye mashamba Mbulu na Hanang, jembe likiinua kigae mnakifanyia nini? Na anayetaka kunipinga karibu, ila aje na tabaka lake.