Kisu Kisiingie Uani

Kabla ya kufuga kuku, Saidati alikuwa akivuka mpaka. Asubuhi alibeba nyanya kutoka Gisenyi, Rwanda, hadi Goma, Kongo, beseni kichwani, kwenye msururu wa wanawake wenzake, na mchana alirudi na beseni tupu akiwa amelitia kwapani. Mumewe alipofariki alikaa eda, eda ikaisha, akaendelea kuvuka. Kisha msimu mmoja wa mvua aliteleza kwenye mawe, akaumia nyonga, na mfupa ukaunga vibaya. Mtu anayechechemea hawezi kutuliza mzigo kichwani. Nadra, binti yake wa pekee aliyeolewa Goma, alisema, "Mama, njoo ukae kwetu." Saidati alishukuru, lakini alijua kwamba hapo "kwetu" ni nyumba ya mama mkwe wa Nadra, na kwamba katika nyumba hiyo angekuwa mgeni hadi kufa kwake, akiuliza kabla ya kufungua sufuria.

Kuku ndio waliomwokoa. Uani kwake, nyuma ya nyumba yake ndogo huko Majengo, Gisenyi, kuna ukuta wa mawe meusi ya volkano kama kuta zote za mtaa huo, na mlango wa bati unaoelekea barabarani. Alijenga banda kwa mbao na mabati ya zamani. Mayai aliyauza kwenye mikahawa ya karibu na soko, majogoo aliwauzia watu waliopata wageni. Hakutajirika. Alikula chake, akalala kwake, na Nadra alipopiga simu hapakuwa na jambo la kumwomba.

Kwa hiyo asubuhi ile, kuku wake wa rangi ya majivu alipobaki ndani ya banda wakati wenzake wanagombea mtama, Saidati aliweka chini kopo la mtama upesi. Aliinama akamtazama. Mabawa yalikuwa yameanguka kama nguo iliyolegea mabegani. Macho yalikuwa yamefumba nusu, na kinyesi chini yake kilikuwa cha kijani.

Watu wa Majengo wana njia yao katika jambo kama hili. Kuku akianza kusinzia, huchinjwa upesi, kabla hajafa mwenyewe na kuwa kibudu, nyama isiyoliwa. Kumwacha afe hivyo ni uvivu, na pia ni aibu. Saidati alimpigia simu Mudathiru, kaka mkubwa wa marehemu mumewe, fundi wa baiskeli ambaye pia ndiye mchinjaji wa mtaa. Hata Wakristo humwita, ili mgeni yeyote atakayekuja aweze kula. Ndiye aliyemsimamia Saidati wakati wa msiba, na ndiye aliyemletea kuku jike wa kwanza wa kufugia. Kisu chake hukibeba kwenye mfuko wa ndani wa koti, kimefungwa kwa plastiki.

"Mama Nadra, ile kuku iko wapi?" Mudathiru aliuliza akisukuma mlango wa bati na kuingia.

"Iko pale ndani. Fanya mbio, shemeji, isinikufie."

"Leo ni siku ya kuku tu." Mudathiru alikunja mikono ya shati. "Toka asubuhi niko natembea. Kwa jirani Kampire tatu, kule chini mbili. Ata mukono umechoka."

"Kuko harusi?"

"Harusi gani? Kuku zinalala tu. Ni baridi ya hii mvua."

Alimchinja kuku karibu na banda, akataja jina la Mungu, kisha akasuuza kisu katika bakuli la maji ya kuku, kama alivyofanya siku zote. Kuku wengine walikuja wakanywa. Saidati aliona, lakini hakufikiri lolote. Alinyonyoa, akapika, akampa shemeji yake paja, na sahani nyingine akampelekea Epiphanie, jirani wa upande wa pili wa ukuta, mwalimu mstaafu aliyerudi kutoka Masisi zamani na ambaye naye ana kuku wachache.

Baadaye katika juma hilo kuku wawili wengine walizubaa. Mmoja alikuwa anapumua kwa mdomo wazi, kwa sauti ya mtu mwenye pumu. Mwingine shingo yake ilikuwa imejikunja hadi kichwa kikatazama juu, na kila alipojaribu kutembea alizunguka mahali pamoja. Epiphanie alichungulia juu ya ukuta.

"Yewe! Angalia ule, anatazama mbinguni kama mulokole. Kuku yako imeokoka, Saidati."

Saidati hakucheka. Epiphanie naye, alipotazama tena, aliacha kucheka.

"Iko na nini?"

"Sijuwi."

"Na ile nyama ulinipa?"

"Sijuwi, Epiphanie. Naita veterineri."

Veterineri wa sekta, yaani daktari wa mifugo wa tarafa yao, anaitwa Igor. Ni kijana ambaye wazazi wake walirudi kutoka Karagwe, na Kiswahili chake ni kama cha redio ya Tanzania. Alikuja kwa pikipiki, akaizima barabarani, na hakutaka kuingia.

"Karibu, dokta," Saidati alisema akifungua mlango wa bati.

"Hapana, mama. Nimetoka kwenye banda la mgonjwa mwingine. Nionyeshe kutoka hapo hapo."

Saidati alimtoa yule mwenye shingo iliyopinda, akamshika mbele ya mlango. Igor alitazama kidogo tu.

"Ni umuraramo. Huko kwetu Karagwe wanauita kideri. Uliwachanja?"

Hakuwachanja. Chanjo ilipopita mtaani, yeye alikuwa Goma, Nadra amejifungua, na aliporudi watu wa chanjo walikuwa wamekwisha kuondoka. Alieleza hayo kwa sauti ndogo, na Igor akaitikia kwa kichwa.

"Sasa chanjo haitawasaidia hawa. Huu hauna dawa. Watakaokufa watakufa, labda wachache watabaki. Wenye afya watenge. Usiuze hata mmoja, usimpe mtu nyama, usitupe manyoya kwenye mtaro. Wafukie chini sana, weka chokaa."

"Niwache tu zikufe? Kibudu?"

"Ndiyo, mama. Ukichinja, damu na maji yake vinaueneza. Kuku wa jirani wakiwa bado wazima, nitawachanja kesho, tone moja jichoni."

"Na imetoka wapi? Kuku zangu hazitoke. Ziko ndani ya ukuta."

"Unaingia kwa viatu. Kwa mikono. Kwa kisu." Igor alivaa kofia yake ya pikipiki. "Nani ameingia hapa siku hizi kutoka kwenye banda jingine?"

Saidati alitazama bakuli la maji ya kuku. Alikumbuka kwamba kabla kuku wa majivu hajaugua, Mudathiru alikuwa amekuja kumchinjia mteja jogoo. Siku hiyo pia alitoka mahali pengine. Siku hiyo pia alisuuza kisu kwenye bakuli.

"Watu tu," alisema. "Wa nyumbani."

"Basi hata wa nyumbani wasiingie."

Alianza na shimo. Majengo si mahali pa kuchimba. Udongo ni kiganja kimoja tu, kisha jembe linalia juu ya jiwe. Alichukua mtarimbo wa marehemu na akabomoa jiwe jeusi vipande vipande, akipumzika kila nyonga ilipomuuma, hadi akapata kina cha kutosha. Aliwazika waliokufa, akamwaga chokaa. Wazima aliwahamishia kwenye choo cha zamani kisichotumika, akawapa bakuli lao. Kwenye mlango wa bati aliweka beseni la maji yenye javeli, dawa kali ya kuua vijidudu, akawa anachovya miguu kila anapoingia na kila anapotoka, hata ngozi ikaanza kupasuka katikati ya vidole. Usiku na alfajiri alisikiliza. Kila kikohozi kilimwamsha. Baada ya jogoo kufa, ukimya wa alfajiri ulimtisha kuliko vikohozi.

Na wakati wote huo aliwaza: Mudathiru atakuja. Shemeji hapigi hodi akasubiri, anasukuma mlango na kuingia. Nitamwambia nini?

Alikuja Ijumaa baada ya sala, kanzu bado iko mwilini, viatu vina tope la mitaa yote. Saidati alikuwa amefunga mlango kwa waya. Alimsikia akisukuma, akisukuma tena.

"Mama Nadra! Juu ya nini umefunga?"

Alikwenda akasimama nyuma ya bati. Alifungua kidogo tu, kiasi cha uso.

"Shemeji, salama?"

"Salama. Nimesikia kuku zinakwisha. Fungua, nizichinje zenye zimebaki mbele ya kufa. Ata watoto wa mtaa watakula."

"Hapana. Usiingie."

Mudathiru alidhani anatania. Aliweka mkono kwenye bati. Saidati aliliegemea kwa upande wa nyonga nzima, na bati likabaki palepale.

"Ni mimi, eh," Mudathiru alisema. "Uko unaona nani?"

"Naona wewe, shemeji. Veterineri amekataza. Mutu mwenye ametoka kwa kuku zingine asiingie."

"Ule mutoto wa pikipiki? Amechinja kuku ngapi, yeye?"

"Haiko kuchinja. Iko..." Wanawake wawili waliokuwa wanapita na ndoo walipunguza mwendo. "Iko kisu. Na viatu. Ugonjwa unatembea nayo."

Mudathiru aliondoa mkono kwenye bati. Kisha alisema polepole, kama anayetaka kuhakikisha kwamba amesikia.

"Kisu yangu."

"Shemeji..."

"Kisu yenye inataja jina ya Mungu mbele ya kugusa shingo. Hiyo ndiyo inaleta ugonjwa kwako. Bon. Basi mimi ni muchawi."

"Sijasema muchawi!"

"Umenifungia kama mwizi. Kwa nyumba ya ndugu yangu." Sauti yake ilipanda, na wale wenye ndoo walisimama kabisa. "Siku utapata wageni, tafuta mutu mwingine. Acha kuku zako zikufe kibudu, uzizike kama watu, uzisomee na dua!"

Mmoja wa wanawake alicheka. Saidati alisikia masikio yake yakiwaka. Alitamani kufungua. Ingekuwa rahisi sana kutoa ule waya, kusema samahani, kumkaribisha chai, na kwa muda kidogo alikuwa tayari ameushika. Lakini nyuma yake, kutoka kwenye choo cha zamani, alisikia kuku wakikwaruza sakafu, wakitafuta mtama. Aliuacha waya.

"Nisamehe, shemeji. Sifungui."

Mudathiru aliondoka. Saidati alikaza waya, akachovya miguu kwenye beseni.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kwa namna mbili. Uani, kuku waliendelea kufa, mmoja mmoja, hata miongoni mwa wale aliowatenga, na kila asubuhi alifungua mlango wa choo huku amefumba macho. Mtaani, ilisemekana kwamba mke wa marehemu sasa ana kiburi, amemfukuza mwenye kumlea. Nadra alipiga simu. Alikuwa amekwisha kusikia, Goma si mbali.

"Mama, acha tu hizo kuku. Chumba kiko tayari. Mama mukwe mwenyewe amesema."

"Ziko nne," Saidati alimjibu.

"Nne ni kitu gani, mama?"

Alisema tu kwamba zinakula.

Ni kweli walikuwa wanakula. Wanne, majike watupu, mmoja wao akiwa bado anatikisa kichwa kidogo kila anapodonoa. Upande wa pili wa ukuta kuku wa Epiphanie, waliowahi kupata tone la jichoni, walikuwa wazima, na Epiphanie alikuwa anatangaza afya yao kila asubuhi kama mtu anayesoma taarifa ya habari. Lakini wale wanne wa Saidati hawakutaga. Igor alisema kwa simu kwamba wanaopona huchelewa, na wengine hawarudii tena kutaga. Kuku asiyetaga ni mdomo tu. Saidati aliwapa mtama na kuhesabu kwa macho ulivyobaki kwenye gunia.

Kisha asubuhi moja aliona kitu kwenye majani makavu, kwenye kona. Alikiokota akidhani ni uchafu. Kilikuwa laini, chenye joto, na kilibonyea kati ya vidole vyake kama mfuko wa maji. Kiini kilionekana ndani. Alikiweka kiganjani na hakujua kama afurahi au aogope.

Alitoka nacho hadi mlangoni, akafungua waya, ili akitazame kwenye mwanga. Ng'ambo ya barabara, mbali na mlango, alikuwa amesimama Mudathiru. Hakuwa na koti lake la kisu. Ilionekana alikuwa amesimama pale kitambo.

"Sikuje karibu," alisema kwa sauti ya kuvuka barabara. "Usifunge."

"Sifungi."

"Zimebaki ngapi?"

"Nne."

"Kwangu mi hakuna ata moja." Alitazama chini. "Nilizichinja zote, moja moja, mbele ya kufa. Ata zenye zilikuwa muzima zikafuata. Kampire naye hakuna. Watu wananiita nichinje, nawaambia nimeumwa mukono."

Pikipiki ilipita kati yao. Saidati alisubiri kelele iishe.

"Pole, shemeji."

"Ile maji ya beseni, unatia nini ndani?"

"Javeli. Nitakuandalia yako kwa chupa, niweke hapa inje."

"Aksanti." Kisha akanyoosha shingo. "Uko umeshika nini?"

Saidati aliinua kiganja. Lile yai lilitikisika.

"Yai."

"Hiyo haiko yai."

"Iko yai, shemeji. Inakosa tu ganda."

Mudathiru alilitazama kwa muda kutoka ng'ambo yake, akatikisa kichwa. "Tia chokaa kwa chakula," alisema. "Kidogo kidogo. Mama alikuwa anafanya vile."

"Ile ya shimo?"

"Ah, Mama Nadra! Apana ya shimo! Saga maganda ya mayai."

"Nitayatoa wapi, maganda?"

Mudathiru aligeuka kuelekea ukuta wa jirani, akaita kwa sauti ambayo barabara nzima ilisikia: "Epiphanie! Maganda ya mayai unatupa wapi?"