Uwatu wa Mama, Jasho Langu

Enzi zetu pale mtaani Nyakabiga hukuhitaji kuuliza nani amejifungua. Ulipita uani kwao ukavuta pumzi. Ikikujia harufu kama ya sukari iliyoungua chini ya sufuria, basi uwatu umeshapikwa na mtoto yupo.

Nilikuwa na miaka minane alipozaliwa mdogo wangu Zuhura. Maziwa ya mama yalikuja kwa matone. Mtoto ananyonya, anaachia, analia. Bibi akashika jiko. Usiku analoweka mbegu za uwatu vijiko vitatu, nilivihesabu mara mbili, na asubuhi zimevimba, zinateleza kama mlenda. Anaziponda, anapika uji kwa tangawizi na asali. Kwa Bibi, uwatu ulitibu nusu ya mwili: tumbo likisokota, nywele zikikatika, maziwa yakigoma. Nusu iliyobaki alimwachia Mungu na daktari.

Asali ndiyo iliyoniponza. Kikombe cha mama kilipoozwa dirishani. Siku ya kwanza nikanywa mafunda mawili, nikajazia maji. Ya pili, manne. Ya tatu, mama alikunywa maji yaliyosikia tu habari za uwatu. Zuhura akazidi kulia, Bibi akaenda kumfokea mwenye duka kwamba amemuuzia mbegu za zamani.

Nilikamatiwa madrasa. Tulikuwa tumetoka kukimbiza mpira wa majani ya migomba, jua la saa nane, jasho linatiririka na kunuka sukari iliyoungua. Mkekani, rafiki yangu Hamisi akaninusa. Akaninusa tena.

"We Saidi, umezaa lini?"

Wakaangua kicheko wote. "Mutoto wako anaitwa nani?" Hata mwalimu alifunika mdomo kwa mkono wa kanzu.

Habari zilinitangulia nyumbani. Bibi akanivuta shati, akanusa.

"Apana Bibi, mi sikukunywa."

"Mudomo unaongopa, jasho apana. Umekunywa maziwa ya mutoto, unajua?"

Sikuwa nimelijua hilo. Nikamtazama Zuhura anavyonyonya ngumi yake. Bibi akanihukumu kufua vitambaa vya mtoto siku kumi. Nikapatana naye hadi saba. Nikafua kumi, kumbe naye alikuwa anahesabu upya kila nikisema zimetimia.

Uji ukaanza kufika kamili. Siku chache baadaye Zuhura alinyonya mpaka akasinzia na ziwa mdomoni, na mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu ajifungue.

Mwezi uliopita Zuhura naye amepata mtoto. Vijana wa leo! Uwatu wake kanunua farmasi, uko ndani ya vidonge, safi, havinuki.

"Kaka, ule uji wenu unanukisha mutaa muzima," ananiambia, amebana pua.

Nilikaa uani kwake nikavuta pumzi mara mbili. Hakuna kitu. Enzi zile uji wa Bibi ungekuwa haunuki, nisingekamatwa kamwe. Naye Zuhura angeendelea kulia.