Kipande cha Dari na Bi Kinu

Miaka kumi na tisa Bi Kinu alitwanga saruji, matofali na mawe katika maabara ya kupima vifaa vya ujenzi, na bado mama mkwe wake aliamini kwamba anafanya kazi hospitali. Kila wakionana, bibi huyo alinyoosha goti na kuomba apigwe picha ya eksirei. Angemwelezaje kwamba mashine ile haina habari na magoti? Bi Kinu alisaga kitu mpaka kikawa unga, akaujaza kwenye kisahani, eksirei ikaupiga na kurudi kwa pembe. Kila madini yana pembe zake. Karatasini hutokea mchoro wa vilima vyembamba, kila pembe na kilima chake, na yeye alivijua kwa kichwa. Kisagio cha umeme hakukiamini hata kidogo. Alitwanga kwa mkono, na aliyemharakisha alikiona cha moto.

Basi siku moja kikaletwa kipande cha dari. Mzigo mzima wa dari hizo ulikuwa unangoja kupigiliwa juu ya madarasa ya chekechea. Karatasi ikatoka na kilima cha asbesto, zile nyuzi ambazo mtu akizivuta hubaki mapafuni na kumla polepole.

Bosi alikuja mbiombio. Mwenye mzigo alikuwa ameshampigia simu. Kwa upole wa kujilazimisha alimwambia Bi Kinu kwamba ameushindilia unga mno; chembe zikilala upande mmoja, kilima hudanganya.

Hapo alimgusa pabaya. Kosa hilo ni la wanagenzi, na bosi huyohuyo ndiye aliyefundishwa na Bi Kinu kulikwepa. Hata hivyo Bi Kinu alirudia kipimo mara tatu, unga akiudondosha taratibu bila kuubonyeza. Kilima kikapungua kimo, lakini hakikuondoka mahali pake. Kushindilia hurefusha kilima kilichopo, hakuwezi kukizua.

Bosi akaacha upole. Aandike kwamba asbesto haikuonekana, atie sahihi, la sivyo kazi yake ina watu tele wanaoisubiri nje. Bi Kinu aliipenda kazi ile, na hakuwa na nyingine. Lakini alifikiria vile vifua vidogo vya chekechea na hasira zikampanda. Akaweka kinu mbele ya bosi, na kando yake kipande kilichobaki, ndani ya mfuko uliofungwa.

"Twanga wewe basi," alisema. "Ukikikosa hicho kilima, sahihi natia."

Bosi alikunja mikono ya shati. Akaushika mfuko, akauacha. Akaangaza macho ukutani, kisha mezani.

"Barakoa ziko wapi?"

"Za nini, bosi? Si umesema hamna kitu?"

Bosi akaishusha tena mikono ya shati, mfuko ukiwa bado umefungwa. Bi Kinu akavuta kiti, akaandika kwa herufi kubwa ASBESTO IPO, akatia sahihi na tarehe, kisha akamgeuzia fomu.

"Na wewe hapa chini," alisema. "Nasubiri."