Dakika Tatu za Binti Yake

Kwenye meza ya magazeti hapa stendi ya Tukuyu, mama mmoja alimwomba muuzaji amsomee takwimu za mechi ya kikapu ambayo timu yetu ya wanawake ilicheza ugenini. Binti yake yumo.

"Kacheza dakika tatu, mama. Pointi hana, ribaundi hana, hata faulo hana."

Mama akashika ukingo wa meza. "Halafu?"

"Halafu basi. Kocha kamtoa."

"Au kabebwa kwa machela?"

Muuzaji alitaka kucheka, akaona mama bado hajauachia ukingo wa meza. Akafunua gazeti jingine, na jingine. "Hawajaandika, mama."

Mama akakaza kanga, akaenda posta kupanga foleni ya simu.

Siku hizi magazeti yamejaa meza nzima, na kila moja limehesabu mipira iliyogonga ubao. Nani alitoka uwanjani kwa miguu yake, hakuna aliyehesabu.