Nta ya Bibi na Tangi la Kushoto

Harufu ya nta ya nyuki iliyopata joto ikachanganyika na dizeli haipendwi na watu wengi, lakini mimi nikiinusa huanza kucheka kabla sijakumbuka ninachekea nini. Hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya uani kwetu Chemchem, mjini Tabora, kiangazi kimoja cha miaka ile ya vijiji vya ujamaa, nikiwa msichana wa shule ya msingi mwenye magoti ya vumbi na maswali mengi. Baba yangu aliendesha lori la tela la ushirika. Msimu wa pamba alikwenda kuibeba huko Ziba na vijiji vya jirani, akaileta Tabora ipakiwe kwenye treni. Lori lilipolala uani kwetu, kichwa chake kilikaribia kugusa dirisha la jikoni, na mama alilalamika kwamba anapika mchicha kwa moshi wa injini. Juu ya kioo cha mbele Baba alikuwa ameandika kwa rangi nyeupe jina MPAGAZI. Jina hilo lilichaguliwa na Bibi, mama yake Baba, ambaye babu yake alibeba mizigo ya nta kichwani kutoka Unyanyembe hadi pwani, enzi za misafara. Lori lilipogoma kuwaka, Bibi alilikumbusha kwamba babu yake hakuwahi kusimama njiani kwa sababu za kijinga.

Mpagazi alikuwa na matangi mawili ya dizeli, moja kila ubavu. Injini ilinywa kutoka tangi la kulia tu. Kazi ya tangi la kushoto ilikuwa kumjazia mwenzake kupitia bomba jembamba lililopita chini ya chasisi, na mafuta yalihama yenyewe kwa uzito wake, bila pampu wala amri ya mtu. Mambo yakiwa sawa, matangi yote mawili yalipungua pamoja. Shida ilianzia kwenye kifuniko cha tangi la kushoto, ambacho mpira wake ulikatika. Vipuri vilikuwa adimu wakati ule, na mpira wa kifuniko ulikuwa kitu cha kuagizwa na kusahauliwa. Kila lori lilipopita kwenye mashimo, dizeli iliruka nje ikalowesha ubavu wa tela, na siku moja ikayaingia madebe ya asali ya Bibi aliyokuwa akiyapeleka kwa wateja wake Nzega. Bibi alikuwa mtu wa asali toka ujana wake. Aliyarudisha madebe yale nyumbani, akayeyusha nta, akaiviringisha mfano wa pete nene, akaizungusha ndani ya kifuniko akakikaza kwa nguvu zake zote. Kule kwao kila mtungi wa asali ulizibwa hivyo. Dizeli haikumwagika tena hata tone, Baba akamsifu mama yake mbele ya majirani, na tangu hapo kabla ya kila safari Bibi alikagua pete yake na kuongeza nta palipopungua. Sote tuliona na sote tulishukuru.

Baada ya hapo ndipo Mpagazi alipoanza kuzimika njiani. Alikwenda vizuri mwendo mrefu, kisha akakohoa, akatetemeka, akanyamaza. Ukipima kwa kijiti, tangi la kulia lilikuwa kavu na la kushoto karibu limejaa. Baba alisema bomba limeziba kwa uchafu. Fundi Sefu, rafiki yake wa tangu utotoni, aliyekuwa na karakana karibu na stesheni, alisema bomba limepondwa na jiwe. Walibishana kwa furaha kubwa, kama wanavyobishana watu wa mpira. Baba alilifungua bomba akalipuliza kwa mdomo mpaka macho yakamtoka, akalirudisha, lori likawaka. Likasimama tena safari iliyofuata. Fundi Sefu akaligonga bomba kwa nyundo kila upande, lori likawaka, naye akatembea mjini na kifua mbele. Likasimama tena. Safari hiyo Bibi alikuwemo, akasoma dua huku mkono wake ukiwa juu ya tangi, likawaka, na yeye akarudi kukaa mahali pake bila haraka, jambo lililowaudhi kuliko maneno. Kila mmoja alikuwa na ushahidi wake. Hakuna aliyeona kwamba kila mara kabla ya kupuliza, kabla ya nyundo na kabla ya dua, kuna mtu alikuwa amefungua kwanza kifuniko cha tangi la kushoto ili achungulie kama mafuta yapo.

Yote hayo yangebaki kuwa vichekesho kama si harusi ya baba mdogo Hamisi. Baba mdogo alikuwa mshonaji, mpole, mwenye aibu mpaka kwa wateja wake. Alikuwa amempenda Zainabu wa Ziba, binti wa Mzee Shija, mfugaji mwenye ng'ombe wengi na subira kidogo. Siku ya ndoa ilipofika, sisi watu wa bwana harusi tulipanda kwenye tela tupu lililokuwa likienda kuchukua pamba, na Mpagazi akatuzimikia mbele ya Nzega. Alipowaka jua lilikuwa linazama, tukageuza tukarudi na pilau yetu. Mzee Shija aliona amedharauliwa mbele ya kijiji chake. Alituma ujumbe kwa kondakta wa basi: atatupa siku nyingine moja tu, na jua likivuka paa la jiko lake kabla hatujafika, tusijisumbue kushuka kwenye gari, kwa sababu yupo mwanaume mwingine aliyeleta posa na anajua kufika. Baba mdogo aliposikia hayo aliacha kula. Alishona shati la mteja mikono ikawa miwili upande mmoja, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimwona mtu mzima akilia kwa sababu ya mwanamke. Nilimpenda sana baba mdogo yule. Niliamua kwamba lori likituzimikia tena, nitalipiga mateke.

Baba na Fundi Sefu walilifungua bomba, wakalisafisha, wakanyoosha palipopondeka, wakabadilisha chujio la dizeli kwa jingine waliloliazima, na safari hii walikubaliana, jambo ambalo lingetutia hofu kama tungekuwa na akili. Bibi naye hakubaki nyuma. Kwa ajili ya harusi ya mwanawe aliweka pete mpya ya nta, nene kuliko zote, akaisukuma kwa dole gumba mpaka ikaingia kila upenyo. Tukaondoka asubuhi tukiimba. Wanawake walikaa juu ya mikeka wakipiga vigelegele kwa kila ng'ombe tuliyempita, na baba mdogo alikaa mbele kwa dereva na kanzu yake nyeupe, ameishika kofia magotini asije akaichafua. Tulipita Nzega salama, tukapiga vigelegele zaidi. Mbele kidogo ya hapo, penye mashamba ya pamba iliyokwisha kuvunwa, Mpagazi akakohoa.

Baba mdogo alishuka, akatazama jua, akaketi kwenye vumbi na kanzu yake ile ile. Bibi alishuka pia, akaenda kusimama karibu na tangi la kushoto, na mimi nikamfuata nikiwa nimeshika khanga yake. Kishungi cha pamba ya msimu huo kilikuwa kimeganda kwenye nta pembeni ya kifuniko. Baba alipokilegeza kifuniko, tangi lilitoa mlio wa fyuu, ule mlio tuliousikia kila safari. Baba alisema kama alivyosema siku zote kwamba ni mvuke unatoka kwa sababu ya joto. Lakini kile kishungi cha pamba hakikuruka nje. Kilinyooka, kikawa chembamba, kikazama ndani ya tangi tukikiona.

Bibi alimwambia Baba asimame hapo hapo. "Mvuke unaotoka ungeisukuma pamba," alisema. "Hii imevutwa."

Alichukua kifuniko mkononi mwa Baba, akakigeuza, akachomoa pini ya ushungi wake. Katikati ya kifuniko kulikuwa na kitundu kidogo ambacho wote walikuwa wamesahau kipo, tundu la kulipumulisha tangi. Alichokonoa, na nta ikatoka taratibu, laini, ya manjano, ndefu kama mnyoo. Fundi Sefu, aliyekuwa msafarani pamoja nasi, alishika kichwa. Yeye aliyewatobolea watoto wa mtaa mzima makopo ya mafuta ya taa matundu mawili, moja la kumimina na moja la kuingiza hewa, hakuwa amewaza kwamba tangi la lori ni kopo kubwa tu. Mafuta hayawezi kutoka kama hewa haiingii. Kila walipofungua kuchungulia, tangi lilivuta pumzi, na mafuta yakahamia kulia yenyewe wakati wao wanahangaika na nyundo.

Bibi aliishika ile nta akaitazama muda mrefu. Nilihofia kwamba atalia, kwa sababu ilikuwa nta yake, mkono wake na mapenzi yake. Badala yake mabega yakaanza kutikisika, akacheka mpaka akaegemea gurudumu. "Kumbe mwizi wa harusi ya mwanangu ni mimi," alisema, na tela zima likaangua kicheko naye, isipokuwa baba mdogo, aliyekuwa tayari ameshika pampu ya mkono akitoa hewa iliyoingia kwenye injini dizeli ilipokwisha, kanzu yake ya harusi ikiwa mwilini. Baba aligonga tangi la kulia kwa spana, akisikiliza mlio mtupu ukipanda juu kadiri dizeli ilivyoingia. Lilipofika nusu tuliwasha. Bibi alikirudisha kifuniko na pete yake, lakini kitundu akakiacha wazi.

Tulifika Ziba tukiwa weusi kwa vumbi. Kivuli cha paa la jiko kilikuwa kimeshahama upande, jua limekwisha kulivuka, na Mzee Shija alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake. Baba alimwamkia kwa heshima zote akaanza kulaumu barabara. Bibi akamsogeza kando. Alisema barabara haina kosa, vijana hawa hawana kosa, aliyechelewesha harusi mara mbili ni yeye, na akamwekea Mzee Shija kiganjani ile nta. Akamweleza yote, hatua kwa hatua, bila kujipunguzia. Mzee alinusa nta, akanusa tena, akakunja uso kwa dizeli. "Niliapa kutowafungulia wanaume hawa," alisema. "Wewe mama sikukuapia." Akasogea mlangoni, Bibi akaingia, na sisi wote tukaingia nyuma yake.

Mwaka jana tulikwenda Ziba tena, kwenye harusi ya mjukuu wa baba mdogo Hamisi. Bibi na Baba walishatangulia mbele ya haki zamani. Lami imefika Nzega na kupita, gari la kijana wangu lina taa kwenye dashibodi inayosema ugonjwa kabla haujaanza, na tulifika mapema kiasi kwamba tulikuta wenyeji bado wanafagia. Nilikaa jikoni na mama mdogo Zainabu, bibi harusi wa siku ile, sasa mzee wa mvi, nikamwambia tulivyoogopa siku ile. Akanijibu kwamba kivuli kilipohama aliambiwa avue nguo za harusi, naye akakataa, akakaa dirishani akiisikiliza barabara, kwa sababu alijua mlio wa Mpagazi kutoka mbali. Aliusikia kabla mtu yeyote hajauona moshi. Nje, magari yaliendelea kuingia moja moja, mazuri na ya kimya, na hakuna mtu aliyeinua kichwa. Mama mdogo Zainabu alinisogezea kikombe cha chai, akaniuliza kwa nini safari hii sikumletea asali kama kila mwaka.